Msitume Matone, Tumeni Nauli ya Hospitali

Mtu wa kwetu akitangaza kwamba anakwenda nyumbani, simu yake haipoi. Hapa Gaithersburg, Maryland, chini ya saa moja kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Dulles, tangazo hilo linatosha kukujazia sebule. Huyu analeta viatu vya mtoto wa dada yake, yule vitamini za mama, mwingine simu aliyoizungushia plasta mpaka haijulikani ni simu. Na siku hizi hakosekani mwenye kikasha kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba: matone ya macho. "Dada, ya mzee hayo, ana presha ya macho. Uyashike kwenye mkoba, usiyatie kwenye sanduku."

Nimeacha kuyabeba. Wapo walioninunia, na mmoja alisema kazi ya wazee wa Kizungu imenikausha roho. Naandika nisomwe pande zote mbili, na wa huku wanaotuma na wa huko wanaopokea.

Sina ugomvi na matone. Ndiyo kazi yangu ya kila usiku. Nina cheti cha kugawa dawa katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu ikianza, kabla sijagusa vidonge vya mtu, naanza na macho. Kuna bibi mmoja amevuka miaka 90. Akisikia magurudumu ya toroli yangu tu, keshainua uso. Namvuta kope ya chini kwa kidole, panajitokeza kimfuko chekundu, na tone moja linaangukia humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Anafumba. Nabonyeza kona ya jicho, pale karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, maana dawa ikipita kwenye tundu la machozi huteremka kooni na kuingia kwenye damu badala ya kubaki inakotakiwa. Mwenye chupa ya pili namsubirisha dakika 5, la sivyo tone la pili linalisukuma nje la kwanza. Bibi huyu aligunduliwa glakoma, ndiyo hiyo wanayoiita presha ya macho, akiwa hajafika miaka 60. Mpaka leo anasoma Washington Post kila asubuhi na kugombana nalo kwa sauti.

Umri ule ambao yeye aligunduliwa, baba yangu alikuwa tayari anaelekea gizani. Tulikuwa Same, mkoani Kilimanjaro. Ilianza kwa kugonga bega kwenye mwimo wa mlango, kila mara upande uleule wa kushoto. Baadaye akawa hawaoni watu wanaompita ubavuni, na kijiji kikasema mzee siku hizi ana maringo, hasalimii. Zahanati iliona ni mtoto wa jicho, ikamwambia asubiri akomae ndipo aende kufanyiwa upasuaji. Tukasubiri. Alipofikishwa kwa daktari bingwa, jicho la kushoto lilikuwa halioni hata tochi iliyoshikwa mbele yake, na la kulia lilikuwa linachungulia dunia kupitia tundu dogo la katikati.

Hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanapopotea. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi: lenzi hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mtu akamtambua mjukuu wake kesho yake. Glakoma haina kesho yake. Iliyokwenda imekwenda, na kila tiba iliyopo, kuanzia tone hadi kisu, inalinda kilichobaki tu.

Jicho hutengeneza maji yake ya ndani, ambayo si machozi, na maji hayo hutoka kupitia kichujio chembamba kilichopo pembeni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na sehemu yenye rangi. Ni karo la jikoni ambalo bomba lake halifungwi. Tundu likiwa wazi hakuna tatizo. Likiziba kidogo kidogo, maji yanapanda. Presha hiyo, ambayo si ile inayopimwa kwa kufungwa mkanda mkononi, huuelemea mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi kama milioni 1. Zinakufa bila kelele, kwa kawaida zile zinazoleta picha ya pembeni ndizo zinazotangulia, na ubongo unajaza mapengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mwenye jicho haoni kwamba haoni. Ipo aina nyingine ambayo tundu hujifunga ghafla. Hiyo inauma vibaya, jicho linakuwa jekundu, mtu anatapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa, na ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Lakini hiyo ni ya wachache. Iliyo nyingi kwetu ni hii ya kimya.

Na nikisema kwetu nina sababu. Mwendo wa saa moja kutoka hapa ninapoishi uko mji wa Baltimore, na miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipita mitaa yake wakipima macho ya watu zaidi ya 5,000 waliofikisha miaka 40, weupe na weusi. Matokeo yalitoka 1991. Kwa weusi wenye miaka 40 hadi 49, glakoma ilikuwa asilimia 1.23, kwa waliovuka 80 ilikuwa asilimia 11.26. Weupe wa umri huo wa mwisho walikuwa na asilimia 2.16. Karibu nusu ya waliokutwa nayo hawakuwa na habari, na hii ni Marekani, nchi ambayo ukikohoa mara mbili unapelekwa kwenye mashine.

Wapo wanaoniambia hayo ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi damu yetu tofauti. Basi twende Kongwa, Dodoma. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijiji 6 vya huko, ambako watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi walipimwa. Waliokuwa na glakoma walizidi kidogo asilimia 4. Nakuru, Kenya, walipopima watu wa miaka 50 na kuendelea, jibu lilikuwa la jirani kabisa, asilimia 4.3. Ni kweli kuna wanaotuzidi: Barbados, ambako mababu wa wengi walitoka Afrika Magharibi, weusi wenye miaka 40 na zaidi wana asilimia 7. Lakini asilimia 4 ya wenye miaka zaidi ya 40 ni mtu mmoja kati ya kila 25. Hesabu benchi za kanisani au safu za msikitini uone.

Sasa mimi. Sikwenda kupima glakoma, nilikwenda kutafuta miwani ya kusomea lebo za dawa, maana maandishi yameanza kuwa madogo siku hizi. Marekani macho yana bima yake peke yake, utadhani hayako kichwani. Bima ya miwani inakulipia upimwe namba na uchague fremu. Ugonjwa wa macho ni wa bima ya afya, kwa daktari mwingine na karatasi nyingine. Duka la miwani likanipulizia ile hewa ya ghafla inayomfanya mtu aruke kitini, likasema presha ni 19, mama uko sawa, chagua fremu. Kawaida huhesabiwa kati ya 10 na 21. Ningeweza kuondoka na 19 yangu nikiwa na furaha.

Kilichoniokoa ni fomu. Palikuwa na swali kama yupo aliyepofuka katika familia, nikaandika baba, na kijana mmoja mwangalifu wa pale akaniambia niende kwa daktari wa macho mwenyewe.

Kwa daktari nilikaa karibu asubuhi nzima. Kwanza tone la ganzi, kisha rangi ya manjano, kisha kifaa kidogo chenye taa ya bluu kikasogea mpaka kikaligusa jicho lenyewe; hicho ndicho kipimo cha presha kinachoaminika kuliko cha hewa. Wakapima unene wa kioo cha mbele cha jicho. Changu ni chembamba, na kioo chembamba hudanganya: mashine inasoma presha ndogo kuliko iliyopo. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, vioo vyetu ni vyembamba kuliko vya Wazungu. Wakaniwekea lenzi ndogo juu ya jicho kutazama kama ile pembe ya kutolea maji iko wazi. Wakapiga picha ya tabaka za nyuma ya jicho, ikatoka karatasi yenye kijani, njano na nyekundu, na nyekundu yangu ilikuwa imekaa juu na chini ya mshipa kama nyusi. Wakanitanua mboni, daktari akauangalia mshipa kwa macho yake.

Halafu kipimo ambacho nakichukia. Chumba kina giza, jicho moja limezibwa, kidevu kiko juu ya kitako cha plastiki, na mbele yako kuna bakuli jeupe. Unakazia kitone cha katikati. Vimwanga vinamemeteka huku na huku, vingine hafifu mpaka unajiuliza umeviona au umeviota, na kila ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Kisha panakuwa kimya. Hakuna kinachomemeteka. Unakaa pale umeshika kitufe na kujua kwamba mashine haijasimama, inaendelea kuwasha taa mahali ambapo jicho lako halifiki. Nilitoka nje mboni zimetanuka, jua la Frederick Avenue likanipiga usoni, nikakaa kituo cha basi na skafu juu ya kichwa mpaka likaja la kunirudisha nyumbani.

Mji huu, kwa wasioujua, ni mji wa vipimo. Hapa ndipo makao ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na nguzo za zebaki zenye kimo cha mita 3, kigezo ambacho vipimo vya presha vya nchi nzima vililinganishwa nacho. Presha ya jicho nayo huandikwa kwa milimita za zebaki. Napita mbele ya uzio wa taasisi hiyo nikienda kazini, na huwa natabasamu: mji mzima wa kupima presha, na mimi jibu langu halikuwa kwenye presha. Kule Baltimore zaidi ya nusu ya wenye glakoma walikuwa chini ya ile 21 walipopimwa mara moja. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kwenye maonyesho ya afya kanisani alipuliziwa hewa na akaonekana mzima, mwambie ameanza tu. Mshipa lazima uonwe.

Daktari aliponiandikia dawa aliuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niache kubeba vikasha vya watu. Aliuliza: ndugu zako wa tumbo moja wako wapi, na nani kawapima?

Glakoma hutembea kwenye damu. Ukiwa na mzazi, kaka au dada aliyeipata, hatari yako ni mara kadhaa ya ile ya jirani. Jibu langu la Gaithersburg lilikuwa jibu la watu wa Same na la mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, wala hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba nimepimwa kwa niaba yake. Sisi ni watu wa kushirikiana. Ada tunachanga, harusi tunachanga, msiba ndiyo usiseme. Ugonjwa peke yake ndio tunaoufungia kabatini. Namjua mama mmoja wa Germantown anayeweka matone mwaka wa kumi na kitu huu, na wadogo zake walioko Morogoro wanajua ana "mzio wa vumbi". Nilimuuliza kwa nini. Akasema hataki waanze kumwonea huruma kwenye simu. Huruma yao inaogopesha kuliko upofu wao?

Nilipiga simu. Kaka yangu akacheka: "Dada, mimi naona mpaka mbuzi wa jirani kule mlimani." Na ndiyo, alikuwa anamwona. Mbuzi wa mlimani yuko katikati ya macho. Nikamwomba anieleze tu ni lini mara ya mwisho aliona pikipiki inayotokea kushoto kabla haijampigia honi. Akanyamaza. Kisha akasema vijana wa bodaboda siku hizi hawana adabu.

Nikatuma nauli. Siyo matone, nauli: kosta kutoka Same hadi Moshi, malazi ya usiku mmoja, na nauli ya mtoto wake wa kiume, kwa sababu mtu aliyetanuliwa mboni hapaswi kuvuka barabara peke yake. Walikwenda hospitali ya KCMC. Presha yake ilikuwa 28 na mshipa umekwisha kuchimbika. Hakupewa chupa ya kurudi nayo. Aliketi mbele ya mashine, akatiwa ganzi kwa tone, akapigwa leza kwenye kile kichujio kwa dakika chache kila jicho, akasema aliona kama vimwanga vidogo vya kijani na hakuna maumivu ya kusimulia. Jioni alikuwa amekaa stendi ya Moshi anakula mahindi.

Mambo hayo hayakuanza kwa bahati. Hapohapo KCMC ulifanywa utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa matone ya timolol na kufundishwa namna ya kuyaweka, wengine wakapigwa leza. Baada ya mwaka mmoja, macho ya kundi la leza yaliyofikia lengo la presha yalikuwa asilimia 61. Ya kundi la matone, asilimia 31. Miaka miwili kabla yake utafiti wa Uingereza ulikuwa umeonyesha kwamba walioanza kwa leza, karibu robo tatu walikaa miaka 3 bila kuhitaji tone lolote. Hao ni watu wenye duka la dawa kila kona na huduma ya afya ya taifa. Kama leza inawafaa hao, mkulima wa Same ambaye duka la dawa liko nauli moja ya bodaboda kutoka kwake itamfaa zaidi kiasi gani?

Ndiyo maana nasema sanduku langu limefungwa. Chupa ya matone ya latanoprost ina mililita 2.5. Mikono ikitetemeka, tone moja linaingia na mawili yanateremka shavuni, kwa hiyo haimalizi mwezi. Isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye friji, na Same nyumba zenye friji isiyozimika umeme tunazijua. Ikiisha mwezi wa tatu, msafiri mwingine yuko mwezi wa nane. Katikati hapo presha inapanda bila kuuma, mzee haoni tofauti, anaamini yuko kwenye dawa. Matone yaliyotumwa na wana wa Marekani yana heshima yake mtaani, na heshima hiyo ndiyo inayomzuia mzee kwenda kupimwa: keshatibiwa na Wamarekani.

Kuna na la hatari zaidi. Timolol inayomfaa huyu inaweza kumkaba pumzi mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo ya mwingine. Kaka yangu ana pumu tangu utotoni. Ningekuwa dada mwenye huruma ya kikasha, ningemtumia kile alichopewa jirani yangu kikamsaidia sana. Na madukani kwetu huko yapo matone yenye steroidi, yanayouzwa kwa kila jicho jekundu na kila mtoto mwenye muwasho. Yanatuliza upesi kweli, lakini yakitumiwa kwa miezi yanaweza kupandisha presha ya jicho yenyewe. Mtu anajitengenezea glakoma kwa pesa zake. Kabla ya kununua matone ya jicho muulize muuza dawa kama yana steroidi, na asipojua, rudisha mfukoni hela yako.

Lazima pia niseme neno kuhusu bangi, kwa sababu vijana wetu hapa wananiuliza, na Maryland imeihalalisha kwa watu wazima tangu Julai 2023. Hapo Washington aliishi mtu anayeitwa Robert Randall, mgonjwa wa glakoma aliyekamatwa kwa kuotesha bangi nyumbani kwake, na 1976 mahakama ikamwachia kwa hoja kwamba aliihitaji kuokoa macho yake. Hadithi yake ni ya kweli na ina mambo mengi mazuri kuhusu ujasiri. Lakini bangi hushusha presha kwa saa 3 au 4 tu, na glakoma hailali. Ungelazimika kuivuta mchana kutwa na usiku kucha. Labda macho yangesalimika, kazi ingepotea. Madaktari wa macho wa Marekani, kupitia chama chao, hawaipendekezi.

Najua jibu la wengi: matone ni bora kuliko kukaa bure. Kwa aliyekwisha kupimwa, daktari akamwandikia, na dawa ikawa inapatikana mfululizo, sawa kabisa. Mimi mwenyewe natumia, tone moja kila usiku, nikitoka kumwekea bibi wa Washington Post najiwekea na mimi kwenye kioo cha chumba cha wafanyakazi. Najua pia leza si muujiza. Nguvu yake hupungua kwa miaka, ikabidi irudiwe. Kwa ugonjwa uliokwenda mbali haitoshi, na hapo daktari atapendekeza upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji, ambao watu wa kwetu huukataa wakisikia kwamba hautaongeza kuona. Ni kweli hauongezi. Unazuia jicho lililobaki lisifuate njia ya lile lililokufa, na baba yangu angetoa shamba zima apate huo.

Na mashine zenyewe za leza hazijasambaa. Nikimwambia mtu wa Moshi nenda KCMC, wa Dar es Salaam nenda CCBRT au Muhimbili akaulize, wa Kenya nenda Kikuyu, nimemaliza. Wa Kigoma, au wa Kalemie kule Kongo, nimwambie nini? Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023. Ningependa kuona leza ya glakoma imeandikwa humo kwa jina, pamoja na uchunguzi wa mshipa wa jicho kwa kila aliyefika miaka 40, badala ya kungoja mtu agonge mlango kwa bega. Mashine moja inayokaa hospitali ya mkoa inahudumia watu wengi kuliko masanduku yetu yote ya Dulles.

Sisi wa huku nasi hatuko salama kwa kuwa huku. Barabara ya 355, ambayo hapa Gaithersburg inaitwa Frederick Avenue, ukiifuata kusini inakufikisha Bethesda, kwenye lango la taasisi za afya za taifa. Ndani yake iko taasisi ya macho, ambayo ushauri wake uko wazi: mtu mweusi aliyevuka miaka 40 atanuliwe mboni na kupimwa kila mwaka au miwili. Medicare nayo, bima ya serikali ya wazee, kwa walio nayo, hulipia kipimo cha glakoma mara moja kila miezi 12 kwa walio katika hatari, na mweusi anahesabiwa humo kuanzia miaka 50, wakati wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaanza 65. Serikali ya nchi hii, ambayo haina haraka ya kukulipia kitu, imekubali kwamba macho yetu yana haraka. Na asiye na bima aulizie Montgomery Cares, mpango wa kaunti hii wa kuwatibu watu wazima wasio na bima. Aanze na daktari wa kawaida wa huko na aseme mapema kwamba ana historia ya glakoma kwenye ukoo. Wazazi wanaokuja kutulelea watoto ndio tunaowasahau kabisa. Wanakaa miezi sita ndani, wanapika, wanaosha, wanapelekwa kuona Ikulu ya Marekani na hakuna anayewapeleka kuonwa macho.

Kaka yangu alirudi Moshi kwa kipimo cha baadaye. Presha ilikuwa 17. Bodaboda bado anazilaumu. Wanawe wakubwa, ambao wanakaribia 40, nimewaandikia kila mmoja ujumbe wake, siyo kwenye kundi la familia ambako ungezikwa chini ya picha za harusi.

Aliyebaki ni mdogo wangu wa Dar es Salaam. Yeye anasema mambo ya kupofuka ni ya wanaume wa ukoo huu, na anafuma vitambaa usiku bila miwani, kwa hiyo nimwache. Nauli na pesa ya kumwona daktari nilimtumia kwa simu. Nasikia imekuwa kitenge, tena kizuri sana, shangazi kanitumia picha. Nitatuma nyingine, safari hii kwa shemeji.